Kipuri Gani Kinakusimamishia Kiwanda? Utatuzi wa matatizo kwa mafundi wa viwanda vya chai

Mwongozo huu ni wa fundi mwenzangu wa kiwanda cha chai, awe Mufindi, Rungwe au Njombe, ambaye daftari lake la mitambo limejaa hadi pembeni na bado kila wiki anaulizwa swali lilelile: mbona tumesimama tena? Mifano ni ya boila ya kuni na umeme wa akiba, kwa kuwa huko ndiko nilikokaa miaka mingi. Mwenye mashine ya kupasua mbao pale Mafinga, au anayesimamia pampu za maji za kijiji, abadilishe tu majina ya vifaa.

Kabla hujashika spana, tenganisha maswali mawili. La kwanza: kipuri hiki huharibika mara ngapi? La pili: kikiharibika, kiwanda kinapoteza nini? Daftari zetu nyingi hujibu la kwanza peke yake, na hapo ndipo tunapopotea.

Fikiria Mlima Kitonga. Lori moja likilala kwenye kona, foleni inashuka hadi chini na mizigo ya Nyanda za Juu Kusini inakwama. Kipande kile ni kifupi sana ukikilinganisha na barabara nzima kutoka Dar es Salaam, lakini karibu kila gari linapita hapo. Sasa angalia na pembeni: anayekwenda Iringa anaweza kuzunguka kwa Dodoma na Mtera, na mzigo wa Mbeya unaweza kupanda treni ya TAZARA. Njia hizo zisingekuwepo, Kitonga ileile, kwa kona zilezile, ingekuwa na uzito mkubwa zaidi. Kifaa kiwandani nacho hupimwa hivyo, kwa ubovu wake na kwa mahali kilipokaa.

Dalili: mnabadilisha kipuri kilekile kila mara, na muda wa kusimama haupungui

Kwenye boila, kipuri hicho mara nyingi ni sili ya pampu ya maji. Inavuja, inabadilishwa, inavuja tena. Stoo inajaza sili, bajeti ya vipuri inakwisha, na kiwanda kinaendelea kusimama vilevile.

Chanzo ni kwamba mmefuata kinachoharibika mara nyingi mkaacha kinachosimamisha. Tufanye hesabu ndogo. Namba hizi nimezitunga kwa mfano tu. Utaweka za kwako. Boila ina pampu mbili za maji, A na B, moja ikifa nyingine inatosha. Zote zinavuta maji kupitia chujio moja. Kisha kuna feni moja ya kuvuta moshi. Tuseme kwa wiki moja nafasi ya kila pampu kumaliza bila kuharibika ni 0.90, yaani wiki 90 katika kila 100, ya chujio ni 0.98, ya feni ni 0.95.

Pampu zote mbili zitakufa kwa nafasi ya 0.10 mara 0.10, yaani 0.01. Kwa hiyo pampu kwa pamoja zina 0.99. Zidisha kwa 0.98 na 0.95, unapata 0.922 hivi. Hiyo ndiyo nafasi ya boila kumaliza wiki bila kusimama.

Sasa chukua kifaa kimoja kimoja. Kwanza jifanye kina uzima kamili, ukokotoe boila nzima. Halafu jifanye kimekufa, ukokotoe tena. Toa jibu la pili kwenye la kwanza. Tofauti hiyo ndiyo uzito wa kifaa:

Pampu A: ikiwa nzima, boila ina 0.931, ikifa, 0.838. Uzito ni 0.093.
Chujio: likiwa zima, 0.941, likiziba, sifuri. Uzito ni 0.941.
Feni: ikiwa nzima, 0.970, ikifa, sifuri. Uzito ni 0.970.

Pampu ndiyo dhaifu kuliko vyote, na uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa chujio. Nilipoikokotoa mara ya kwanza kwa kalamu nyuma ya fomu ya shifti, niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea kuzidisha.

Njia hii ya kutoa iliandikwa na mwanahisabati Z. W. Birnbaum, mzaliwa wa Lwów aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 1969. Haihitaji kompyuta. Ina upungufu mmoja unaopaswa kuujua: uzito wa kifaa kwa njia hii hauangalii ubovu wa kifaa chenyewe, unaangalia ubovu wa vilivyobaki. Kwa hiyo haikuambii uanze na kipi. Ukitaka kuanza kazi, zidisha uzito kwa nafasi ya kifaa hicho kuharibika, kisha gawanya kwa nafasi ya boila nzima kusimama, ambayo hapa ni 0.078. Feni inatoka na asilimia 62, chujio asilimia 24, kila pampu asilimia 12. Usishangae zikijumlishwa zinapita mia. Kusimama kwa pampu kunahitaji zote mbili zife, kwa hiyo tukio moja linahesabiwa kwa A na kwa B pia.

Linganisha matumizi ya pesa. Ukinunua pampu bora na kuipandisha moja kutoka 0.90 hadi 0.95, boila inapanda kutoka 0.922 hadi 0.926. Ukiishughulikia feni ikatoka 0.95 hadi 0.98, boila inafika 0.951.

Na kuishughulikia feni si lazima ununue feni. Fungua mlango wa ukaguzi ikiwa imezimwa na imefungwa kwa kufuli kwenye paneli, ingiza mkono. Utakuta majivu yameganda kwenye mapanga, upande mmoja mazito kuliko mwingine, magumu kama udongo wa kichuguu. Masika hali huwa mbaya zaidi kwa sababu kuni za milingoti zinaingia zikiwa na unyevu na moshi unakuwa mzito. Feni yenye mapanga yasiyolingana inatetemeka, na mtetemo ndio unaoua beringi. Mnabadilisha beringi, majivu yanabaki, beringi mpya inakufa kama ya zamani. Panga siku moja ya wiki ya kukwangua mapanga, na wekeni mkono kwenye nyumba ya beringi kila shifti kusikiliza joto na mtetemo.

Dalili: akiba ipo, lakini siku ya shida haisaidii

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Katika kiwanda kimoja nilichofanya kazi tulikuwa na jenereta zima kabisa. Kila Jumatatu asubuhi liliwashwa dakika kumi na tano, mafuta yakaangaliwa, mtu akaweka tiki kwenye daftari. Usiku mmoja wa mvua umeme wa gridi ukakatika wakati majani yamejaa kwenye vihori vya kunyaushia. Jenereta likawaka lenyewe baada ya sekunde chache tu, likanguruma vizuri, geji ya volti ikasimama pale inapotakiwa. Kiwandani giza. Kontakta ya chenjiova, ile inayouhamisha mzigo kutoka gridi kwenda jenereta, haikufunga. Koili yake ilikuwa imeungua, hatujui tangu lini. Feni za kunyaushia zikabaki zimesimama. Nilitia mkono ndani ya majani hadi kiwiko. Juu yalikuwa ya baridi, chini yalishaanza kupata moto, na asubuhi yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu. Jasho la wachumaji wa siku nzima likaishia kwenye shimo la taka.

Jaribio letu la Jumatatu lilikuwa la jenereta bila mzigo. Chenjiova haikuguswa hata mara moja. Kwenye vichwa vyetu akiba ilikuwa kifaa kimoja, kumbe ni mnyororo: betri, stata, injini, kontakta. Chochote kikikatika humo, akiba haipo. Na ubovu wa aina hii umejificha, kwa sababu kifaa cha akiba hakilalamiki kikiwa kimelala.

Fanya hivi. Chora akiba yako yote kwenye karatasi, kila kifaa kwenye kisanduku chake, kutoka betri hadi mota ya feni. Kwa kila kisanduku uliza: ni jaribio lipi kwenye daftari linalokigusa? Kisanduku kisicho na jibu ndicho kitakachokuaibisha usiku. Jaribio la umeme lifanywe kwa kukata gridi kwa makusudi, mchana, mafundi wakiwa wamesimama pale, mzigo uhamie kweli na feni zizunguke.

Chanzo cha pili cha dalili hii ni akiba mbili zenye mzizi mmoja. Rudi kwenye pampu A na B. Tulizidisha 0.10 kwa 0.10 kana kwamba moja haijui habari za mwenzake. Lakini zote zinavuta kwenye chujio lilelile. Chujio likianza kuziba kwa majani na tope, pampu inakosa maji ya kutosha na inaanza kutoa sauti kama mtu anasaga changarawe. Sauti hiyo ni mapovu yanayopasuka ndani ya pampu, yanatafuna mapanga na kuharibu sili. Unaona sasa sili zilivyokuwa zinakwisha stoo? Pampu ilikuwa inaugua ugonjwa wa chujio.

Ukichukulia kwamba katika kila vifo kumi vya pampu kimoja kinaziua zote mbili kwa pamoja, nafasi ya kukosa maji inatoka 0.01 inakwenda karibu 0.018. Karibu mara mbili, na hakuna kifaa kilichobadilika isipokuwa ukweli uliouweka kwenye hesabu. Orodha ya mizizi ya pamoja ya kutafuta: tenki moja, chujio moja, paneli moja, fundi mmoja aliyefunga zote mbili siku moja kwa kosa lilelile, na radi. Kwa radi za milima yetu, vifaa viwili vya elektroniki kwenye paneli moja visihesabiwe kuwa viwili.

Dalili: kwenye hesabu kifaa kina 1.00 kwa sababu "hakijawahi kuharibika"

Hii ni fupi. Kama jenereta limewashwa mara 60 na halikukataa hata mara moja, huna haki ya kuandika kwamba nafasi ya kukataa ni sifuri. Kanuni ya haraka inayotumiwa na wanatakwimu: gawanya 3 kwa idadi ya majaribio. Hapa ni 3 kwa 60, asilimia 5. Unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba nafasi ya kukataa haizidi hapo. Ukitaka kuandika chini ya asilimia 1, unahitaji majaribio 300 bila kosa. Na majaribio yale ya Jumatatu bila mzigo usiyahesabu kwa chenjiova.

Dalili: kifaa kilichokuwa chepesi jana, leo kimesimamisha kila kitu

Pampu A iko mezani karakana, imefunguliwa. Nani anayejua kwamba uzito wa pampu B umepanda mara kumi? Ilikuwa 0.093. Sasa hakuna mwenzake, ukikokotoa upya unapata 0.931, karibu sawa na chujio lilivyokuwa. Nafasi ya boila kusimama wiki hiyo imetoka 0.078 hadi 0.162, mara mbili na zaidi kidogo.

Kipimo hiki cha "hatari inapanda mara ngapi kifaa kikitolewa" kinatumika sana kwenye mitambo ya nyuklia ya Marekani, kwa kuamua vifaa vipi visitolewe pamoja na kwa muda gani. Boila yetu ni ndogo, swali ni lilelile. Likokotoe kwa kila kifaa, kisha bandika karatasi kwenye mlango wa karakana. Pampu moja: mara mbili. Chujio au feni: karibu mara 13, maana boila imesimama kabisa. Mkuu wa shifti akiona A iko mezani, asiruhusu mtu kuigusa B, hata kwa kukaza boliti tu, mpaka A irudi.

Msimu nao unabadilisha uzito. Miezi ya mvua, majani yakiwa mengi, mashine ya kukausha ikisimama saa nne hakuna pa kuyaweka. Miezi ya baridi na ukame, Juni hadi Agosti, majani ni machache, saa nne hizohizo zinamezwa. Kwa hiyo kokotoa mara mbili kwa mwaka, na kazi kubwa za kufungua mitambo zipelekwe kwenye baridi.

Dalili: orodha yako haifanani na unachokiona kwa macho

Mara nyingi umesahau muda wa kurekebisha. Tuseme beringi ya feni inakufa kila baada ya saa 1,000 na mnaibadilisha kwa saa 4, kwa sababu duka liko Mafinga na fundi anaijua kwa kupapasa. Kadi ya paneli ya mashine ya kukausha inakufa kila baada ya saa 10,000, lakini ikifa inaagizwa mbali na mnasubiri saa 120. Beringi inakula saa 4 katika kila 1,004, yaani asilimia 0.4. Kadi inakula 120 katika kila 10,120, asilimia 1.2. Kadi inayokufa mara moja kwa mara kumi za beringi inawagharimu mara tatu. Dawa yake haina uhusiano na ubora wa kadi: nunua moja, ifunge vizuri dhidi ya unyevu, iweke stoo.

Ndiyo maana safu ya "saa za kusubiri kipuri" iwe peke yake kwenye daftari, isichanganywe na saa za kufanya kazi. Kama daftari lako lina safu moja tu ya "muda wa kusimama", anza na hilo kesho. Hesabu zote hizi zinakula humo.

Dalili: kifaa kikifa kiwanda kinaendelea, kwa hiyo hesabu inakipa sifuri

Hapa simama. Vali ya usalama, swichi ya kiwango cha chini cha maji, ile inayozima feni maji yakipungua, na kioo cha kupimia maji. Vikifa, boila inaendelea kutoa mvuke kama kawaida. Ukivipima kwa swali la "uzalishaji unasimama?", vinatoka na uzito wa sifuri, tena swichi ya maji inaweza kuonekana msumbufu, maana ikiharibika upande wa pili inazima feni bila sababu. Nimewahi kukuta swichi ya namna hiyo imerukwa kwa kipande cha waya. Aliyefanya hivyo alikuwa mchapakazi. Aliambiwa punguza kusimama, akapunguza.

Kosa ni kutumia hesabu moja kwa mambo mawili. Chora mchoro wa pili. Kisanduku cha mwisho kisiwe "kiwanda kimesimama", kiwe "boila inawaka na maji yameisha". Panga njia za kufika hapo: maji yapungue, NA kioo kidanganye au mtu asikiangalie, NA swichi isizime feni. Kokotoa uzito kwa mchoro huu kwa njia ileile ya kutoa. Sasa swichi iliyokuwa sifuri inapanda juu kabisa. Pampu, ambazo kwenye mchoro wa kwanza zilikuwa nyepesi, nazo zinasogea, kwa sababu pampu zote mbili zinapokufa ndipo swichi inapodaiwa kazi. Michoro miwili, orodha mbili, na ya usalama isiwahi kupunguzwa ili ya uzalishaji ipendeze.

Ukikuta maji hayaonekani kwenye kioo na moto ni mkali, usifungue pampu kuongeza maji ya baridi. Zima feni, punguza moto, ondoa watu, mwite mwenye mamlaka ya boila. Chuma kilichokauka na kupata moto kikikutana na maji ghafla kinaweza kulipuka.

Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii nilimkuta mzee wa boila, Mhehe wa kule Kibengu, zamu ya usiku. Nilimsalimia, "Kamwene, mzee," akaitikia bila kuondoa macho kwenye kioo. Nikamuuliza ni kifaa gani anachokiogopa. Nilitegemea aseme pampu, kwa kuwa wiki ile tulikuwa tumezifungua mara mbili.

"Pampu ikifa nitasikia, kijana wangu. Feni ikifa nitaona moshi unarudi mlangoni. Hiki," akagonga fremu ya kioo kwa kucha, "kikinidanganya sitajua."

Kisha akafungua koki ya chini, maji na mvuke vikatoka kwa kishindo, kioo kikawa kitupu. Akafunga. Maji yakarudi upesi, yakapanda, yakatulia nusu. Yakirudi polepole, alisema, njia imeanza kuziba na kioo hakiaminiki tena. Alifanya hivyo mwanzo wa kila zamu, na akaandika saa yake kwenye ubao kwa chaki.